Mia Moja Ishirini na Saba kwa Safu Moja

Siku mliyoniaga, baada ya keki na soda na zile hotuba ambazo hakuna aliyezisikiliza, kijana mmoja wa chumba cha ramani aliniuliza, "Mama Dorika, kabla ya kompyuta mlikuwa mnagawanya mashamba kwa kutumia nini?" Nikamwambia, kwa mkono. Mkacheka wote, mkidhani natania. Basi nimekaa chini kuwaandikia, kwa sababu kweli ulikuwa mkono, tena huu wa kulia, na mpaka leo ukiugusa kiganjani utakuta sugu ambayo haikuletwa na jembe.

Vyeo na mishahara sitavizungumzia. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara uliisha kabla sijafika nao nyumbani, kwa hivyo hakuna hadithi hapo. Nataka kuwaambia habari za namba. Najua mnaziona kila siku kwenye kioo, lakini nyinyi mnazipata zikiwa zimeshapikwa. Sisi tulizipokea mbichi, tukazimenya wenyewe.

Nilifika Eldoret kutoka Maragoli miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na cheti cha shule na sanduku la mbao. Wazee bado waliuita mji huu Sisibo, yaani sitini na nne kwa Kiingereza cha kutafunwa, kwa sababu mji ulikaa juu ya shamba lililobeba namba hiyo kwenye ramani za wakoloni. Nilikuwa nimepata kazi ya kupiga taipu kwa mpima ardhi mmoja wa kujitegemea, Mzungu mrefu asiyependa maneno. Tulimwita Bosi, naye aliitikia. Asubuhi ya kwanza nilipotea njia humo ofisini, nikafungua mlango usio wangu, na ndani nikamkuta Bwana Maska.

Jina lake kamili lilikuwa la Kigoa, refu, na hakuna mtu pale aliyewahi kulimaliza. Alikuwa mkubwa wa chumba cha hesabu. Alivaa sweta ya kijani hata Januari, na miwani yake aliifunga kwa uzi wa kushonea. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Unatoka wapi?"

"Maragoli, Bwana."

"Na sasa uko wapi?"

"Eldoret."

"Watu wengine naitaje hii Eldoret?"

"Sisibo."

"Haya. Sitini na nne. Niambie kitu kuhusu hiyo."

Nikamwambia ilikuwa namba ya shamba. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni habari ya shamba. Mimi nataka habari ya namba."

Jamani, nilidhani mtu huyu ana kichaa. Lakini nilikuwa mgeni, na mgeni hujibu. Nikafikiri kidogo, nikasema kwamba ukiikata nusu unapata thelathini na mbili, ukikata tena kumi na sita, halafu nane, nne, mbili, mpaka moja, na hakuna mahali popote utakapolazimika kuvunja kitu. Bwana Maska akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Taipu atapiga mtu mwingine," akasema. "Wewe kaa hapa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye hesabu, kwa kukosea mlango.

Mashine yetu ilikuwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, na ilikuwa na mpini ubavuni. Ukitaka kuzidisha, unazungusha mpini mbele. Ukitaka kugawanya, unazungusha nyuma, na kila mzunguko unatoa namba yako mara moja, mpaka umetoa kupita kiasi. Hapo kengele inalia, tiin! Unarudisha mzunguko mmoja, unasogeza gari lake, ile sehemu ya juu inayobeba namba, hatua moja, unaanza tena. Mgawanyo mmoja mrefu ungeweza kukumaliza bega. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalala na Vicks mkononi. Bwana Maska hakunionea huruma, ila alinifundisha jinsi ya kuzungusha kidogo.

"Kila namba iko na mifupa, Dorika," alikuwa akisema. "Tarakimu ni nyama tu. Mifupa ni zile namba ndogo hazivunjiki tena, na ukizizidisha zote pamoja, ile kubwa inarudi nzima. Jua mifupa kwanza, halafu shika mpini."

Ekari moja, kwa mfano, ni futi za mraba 43,560. Ikitazamwa hivi hivi ni namba ya ovyo, kama mtu aliyevaa nguo za kuokota. Ivunje: ni nane mara tisa mara tano mara mia moja ishirini na moja. Nane ni mbili tupu, tisa ni tatu tupu, na hiyo mia moja ishirini na moja ni kumi na moja kwa kumi na moja. Nikamuuliza Bwana Maska nani alipeleka kumi na moja mbili kwenye shamba la mahindi. Akanionyesha mnyororo wa kupimia uliokuwa umening'inia mlangoni. Mnyororo una futi sitini na sita, na sitini na sita ni kumi na moja mara sita. Ekari hupimwa mnyororo kwa mnyororo, basi kumi na moja inaingia kwa upande huu na inaingia tena kwa upande ule. Mtu wa zamani huko Ulaya aliamua urefu wa mnyororo wake, na tangu siku hiyo hakuna ekari inayokosa hizo kumi na moja mbili, iwe ya Kapseret au ya wapi. Niliwaza jambo hilo wiki nzima. Nilikuwa nikipita kwenye shamba la mtu naliona limejaa kumi na moja.

Niwaambie na jambo la mnyororo, kwa sababu nyinyi mnapima kwa mitambo ya angani na hamjui raha hiyo. Chuma hunywea kwa baridi na kutanuka kwa jua. Mnyororo wa Timboroa asubuhi, watu wakiwa wamejifunga blanketi, si mnyororo ule ule wa saa saba mchana. Vijana wa kushika mnyororo walijua hilo vizuri kuliko sisi wa ofisini, na kipimo kikikataa kufunga, yaani kurudi pale kilipoanzia, walisingizia jua hata kama mvua ilinyesha.

Miaka hiyo watu walikuwa wananunua ardhi. Wazungu na Makaburu wengi walikuwa wanaondoka, na wananchi walijikusanya vikundi vikundi, kila mtu na shea yake, wakanunua shamba zima halafu wakaja kwetu tuwakatie. Chumba cha kungojea kilijaa makoti mazito na harufu ya maziwa. Niliwapenda wale watu. Walikuwa na hofu na furaha kwa wakati mmoja, na waliniuliza maswali ambayo hata Bwana Maska hakuwa na majibu yake, kama vile ekari yenye mlima ina mchanga mwingi kuliko ekari tambarare, na kama ni hivyo, mbona bei ni moja.

Sasa nije kwenye shamba lenyewe. Lilikuwa upande wa Moiben, refu, limelala kando ya mto karibu maili tano, na upande wa juu lilipakana na barabara ya murram. Kaburu mwenyewe alikuwa ameshahama. Wanunuzi walikuwa mia moja ishirini na saba, mchanganyiko wa wafugaji, walimu, wenye maduka, na baadhi ya vibarua waliokuwa wakifanya kazi pale pale kwa Kaburu. Bosi alilipima, akatoa nafasi ya barabara na dipu la kuogeshea ng'ombe, na karatasi ikafika mezani kwangu: ekari za kugawa ni 2,667. Kwa futi za mraba, hiyo ni 116,174,520.

Tarakimu tisa! Sikuwa nimewahi kushika namba kubwa namna hiyo. Sikutaka kuigusa na mashine kabla sijaijua. Nikaanza na majaribio ya vidole. Jumlisha tarakimu zake zote: unapata ishirini na saba, kwa hivyo tisa inaingia bila kubakisha. Halafu ikate tatu tatu kutoka kulia: 520, 174, 116. Ya kwanza na ya tatu zijumlishe, ya katikati uitoe. Unapata 462. Saba inaingia humo, na kumi na moja inaingia, basi zote mbili zinaingia kwenye ile kubwa pia. Ujanja huu unafanya kazi kwa sababu saba mara kumi na moja mara kumi na tatu ni elfu moja na moja. Msinisadiki tu hivi hivi, kaeni chini mjaribu.

Nikaendelea kuivua kwa kuigawanya. Nikatoa nane, nikatoa tano, nikatoa ishirini na saba, nikatoa saba, nikatoa kumi na moja, nikatoa kumi na moja nyingine. Mwishoni kabisa, chini ya nyama yote ile, ukabaki mfupa mmoja: mia moja ishirini na saba.

Nywele zilinisimama. Niliacha kiti kikaanguka, nikakimbia mpaka kwa Bwana Maska. "Bwana Maska! Hii ardhi inawajua wenyewe! Wako mia moja ishirini na saba, na hiyo namba iko ndani!"

Akaiangalia karatasi yangu, akacheka mpaka akakohoa. "Ardhi inajua nani? Bosi aliambiwa watu ni wangapi. Akaongeza barabara huku, akapunguza dipu kule, mpaka ibaki namba nagawanyika, ekari ishirini na moja kila mtu. Unafikiri ekari kamili naota yenyewe kama uyoga?"

Aibu ilinipata, sikatai. Lakini hata baada ya kuujua ujanja wa Bosi niliendelea kuipenda ile namba. Mtu anaweza kujua mama yake amepika na nini na bado akafurahia chakula.

Basi wiki hiyo hiyo akaja Mwalimu Kirwa, mwenyekiti wa kikundi, na tabasamu langu likaisha. Mwalimu alikuwa mtu mpole, mwenye tai hata siku za kazi, na alileta ramani aliyoichora mwenyewe kwenye karatasi kubwa ya manila. Aliitandaza mezani kwa uangalifu. Alikuwa amechora safu sita, kila safu mashamba ishirini na moja karibu mraba, njia zilizonyooka katikati, na mahali pa shule. Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu, ungedhani ni mji.

Nikahesabu kichwani. "Mwalimu, hizi ni mia moja ishirini na sita."

"Ndiyo."

"Na yule mmoja?"

Akakunja midomo. "Huyo ndiye amenikosesha usingizi. Mia moja ishirini na sita inapangika utakavyo, safu mbili, tatu, sita, saba, tisa. Ukiongeza mmoja tu, haipangiki kabisa. Nimejaribu mbili, nimejaribu tatu, nimejaribu tano, saba. Hiyo namba ni kaidi. Na safu moja ikizidi nyingine, watu wanasema si sawa. Sasa kamati imeamua mmoja atolewe, arudishiwe pesa yake, atafute kwingine."

"Nani?"

Aliangalia mlangoni, na mimi nikaangalia. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mama mmoja mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, viatu ameviweka kando ili visichafuke. Ndiye Mama Truphena. Mume wake alikuwa mkamuaji wa Kaburu, alinunua shea kwenye kikundi, halafu akafa kabla shamba halijakatwa. Mtu aliyekufa hapigi kelele kamatini, na mke wake hawakumpa nafasi ya kuzipiga.

Mwalimu alipoingia kwa Bosi nikaenda kukaa na yule mama. Alikuwa wa Bunyore, jirani zetu kabisa, tukasalimiana kwa lugha ya nyumbani.

"Wamesema nimezidi," akaniambia. "Mtu anazidije, mwanangu? Nilikuja kwenye lile shamba nikiwa msichana. Watoto wangu wanne nimewazalia pale. Nimewalimia Makaburu mpaka mgongo ukapinda, leo shamba limekuwa letu ndiyo nazidi?"

Akanishika mkono, huu wenye sugu. "Wanasema wewe unajua hesabu. Niambie ukweli. Hiyo namba imekataa, ama ni wao wamekataa?"

Nilitamani sana kumwambia ni wao. "Namba nayo ni kweli, Mama," nikasema. "Haipangiki kwa safu."

Akaachia mkono wangu polepole, akaanza kuvaa viatu.

Mchana huo sikufanya kazi ya mtu. Niliishika ile mia moja ishirini na saba nikaigeuza kila upande. Mbili haiingii, tatu haiingii, tano haiingii, saba haiingii, kumi na moja haiingii. Na ukifika hapo huna haja ya kuendelea, kwa sababu kumi na tatu kwa kumi na tatu ni mia moja sitini na tisa, imeshapita. Nasikia Kiswahili cha vitabuni kinaiita namba ya aina hiyo namba tasa. Jina hilo silipendi hata kidogo, kwa sababu namba hizo ndizo zinazozaa nyingine zote. Nikagundua jambo lingine: ukichukua sitini na nne, ukaongeza nusu yake, na nusu ya hiyo, mpaka ufike moja, halafu ukazijumlisha zote, unapata mia moja ishirini na saba kamili. Yaani Sisibo na nusu zake zote! Nilimpelekea Bwana Maska kama mtoto aliyeokota shilingi.

Akafurahi, nilimwona. Halafu akauliza, "Na huyo mama atalima wapi?"

"Sijui, Bwana Maska."

"Mimi pia sijui," akasema, akarudi kwenye karatasi zake. Siku hiyo nilizichukia namba, na sikuwa nimewahi kuzichukia.

Cha kukera zaidi, mia moja ishirini na sita nayo iliingia kwenye ile namba kubwa bila kubakisha hata futi moja. Kila mtu angepata futi za mraba 922,020, yaani ekari ishirini na moja na kidogo juu. Hiyo kidogo ilikuwa ekari za Mama Truphena zimesagwa na kunyunyiziwa watu wote, na hakuna aliyelalamika kwamba imemfikia.

Bosi alisema hatapiga bikoni, yaani alama ya mpaka, hata moja mpaka kikundi chote kikubali umbo, basi mkutano wa mwisho ukaitishwa kule kule shambani. Akanichukua nikasome namba. Dereva wetu alikuwa Hassan, Msomali wa Isiolo, mtu wa mzaha, aliyejua kila daraja bovu la wilaya nzima na kulilaani kwa jina. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa kwenye banda la kukamulia, lenye sakafu ya simiti. Mama Truphena alisimama ukutani peke yake.

Mwalimu Kirwa alikuja na mkebe wa mahindi. Alipiga magoti na tai yake, akapanga punje sakafuni, safu sita, kila safu ishirini na moja, zimenyooka kweli kweli. Akasimama. Mkononi mwake ikabaki punje moja. Akaiinua watu waione. Watu wote waliiangalia ile punje, kisha wakajitahidi wasiangalie ukutani.

Mzee arap Tuwei ndiye aliyeanza. Mzee huyu alikuwa na ng'ombe wengi na subira ndogo. "Na maji?" akauliza.

"Mzee, tumeongea hiyo maneno mara ngapi?" Mwalimu akajibu. "Safu ya chini itagusa mto. Wengine watapitisha ng'ombe kwenye njia."

"Watu ishirini na moja iko na mto, na sisi wengine nakunywa njia?"

"Tutapiga kura, Mzee. Yule Mungu atampa, amempa."

Basi wakaanza. Kumbe ugomvi wa mto ulikuwa mkubwa kuliko ugomvi wa namba, na ulikuwa umeshavunja mikutano kadhaa. Huyu anasema ng'ombe wake watakanyaga mahindi ya watu, yule anasema atakayepitisha ng'ombe kwake atamwona. Mwalimu akachoka. Akageukia upande wetu. "Basi waulizeni wataalamu! Waulizeni kama iko njia yoyote ya kupanga watu mia moja ishirini na saba wakae sawa!"

Bosi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza chai, akaninyooshea kidole. Nikasimama.

"Iko moja tu, Mwalimu," nikasema. "Safu moja."

Banda zima likaangua kicheko. Hassan mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaona haya, tena nikakasirika, kwa sababu sikuwa nimefanya mzaha. Ndiyo tabia ya ile namba: ipange unavyotaka, itasimama kwa mstari mmoja na si vinginevyo.

Arap Tuwei hakucheka. "Wewe msichana. Hiyo safu yako moja nakaa wapi? Juu ama chini?"

"Hakuna juu wala chini, Mzee, kwa sababu ni moja. Kila shamba linaanzia barabarani."

"Halafu naisha wapi?"

Nikafungua mdomo, na nawaambia ukweli, ni hapo tu ndipo na mimi nilipoliona lile jambo. Muda wote huo nilikuwa nimeitazama namba, sikuwa nimelitazama shamba.

"Mtoni," nikasema.

"Yote?"

"Yote, Mzee. Kila mtu."

Kicheko kikafa. Arap Tuwei akaitupa fimbo yake, akapiga magoti, akaanza kuzifagia punje za Mwalimu kwa viganja. Wengine wakainama kumsaidia. Wakazipanga moja moja kwa mstari, na mstari ukaenda, ukafika miguuni mwa watu. "Sogea! Toa kiatu!" Watu wakapisha, punje zikapita katikati yao, zikafika mlangoni, Hassan naye akaruka pembeni, zikatoka nje.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mmoja aliuliza kuhusu waya, na aliuliza vizuri, kwa sababu shamba refu jembamba linakula seng'enge mara mbili na zaidi ya lile la mraba. Mwingine akauliza upana. Bosi akaandika kwenye kiganja, nikasoma: upana minyororo mitatu, urefu minyororo sabini, ndiyo ekari ishirini na moja. Mzee mmoja akalalamika kwamba hapo ng'ombe hawezi hata kugeuka.

"Walahi!" Hassan akapaza sauti. "Lori yangu inageuka ndani ya mnyororo mmoja. Ng'ombe yako ni kubwa kuliko lori?"

Mama mmoja mwenye duka akasema yeye amependa kwa sababu nyingine: kwa mstari mmoja mtu ana majirani wawili tu wa kugombana nao. Hiyo nayo iliwaingia.

Mwalimu Kirwa alikuwa bado amesimama pale pale, punje mkononi. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alitaka mji wenye shule katikati, na mji wake ulikuwa umefagiwa mbele ya macho yake. "Waya ni nyingi," akasema. "Msije kunililia kwangu." Wakajibu hawatamlilia. Akaomba mikono, na mikono ikapanda mpaka sikuona ukuta wa nyuma. Basi akatoka, akaufuata mstari wa punje polepole mpaka mwisho wake kule nje kwenye jua, akainama na kuiweka ile ya mkononi.

"Wamesemaje?" Mama Truphena akaninong'oneza. Makelele yalikuwa mengi, hakusikia.

"Umeingia, Mama."

Akashika pembe ya kitambaa chake akaiuma kwa meno, na machozi yakamtoka bila sauti. Mimi nililia kwa sauti, kazini, mbele ya Bosi, na sijali.

Kukata kulichukua msimu mzima. Mto haukunyooka kama mimi nilivyousema bandani, ulikuwa na kona zake, na palipopinda tulilazimika kupanua huku na kufupisha kule ili kila kipande kibaki ekari ishirini na moja. Mpini ulizunguka mpaka mashine ikaomba mafuta. Bwana Maska alikagua kila mstari kwa kutupa tisa, yaani kujumlisha tarakimu na kuondoa kila tisa ili baki zilinganishwe, akanirudishia makosa yangu bila neno, yamezungushiwa penseli. Ardhi si namba, vijana wangu. Namba hukuonyesha tu pa kuanzia kutazama.

Kura zilipigwa kwenye kofia, na Mama Truphena akapata kipande cha katikati, si cha kwanza wala cha mwisho. Siku ya kuwaonyesha wenyewe mipaka, Hassan alileta lori limejaa watu kutoka mjini na kutoka nyumba za vibarua, na jioni angewarudisha. Nilikuwa na kazi ya kusoma namba za bikoni. Nilipomfikia nikamwonyesha ya kushoto na ya kulia. Akasimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili.

"Kutoka hapa mpaka hapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kwenda chini, mpaka wapi?"

"Mpaka maji yenyewe."

Akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kuteremka. Tulimwangalia mpaka nyasi zikamficha. Tukaendelea na wengine, kazi ikaisha, watu wakapanda lori. Kila mtu alikuwepo isipokuwa yeye. Hassan akapiga honi, akapiga tena. Mwishowe akashuka kumfuata, huku akinung'unika kuhusu matope.

Alirudi peke yake, akapanda, akawasha gari. Hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Amesema twende."

"Twende vipi? Atalala wapi huko?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniuliza, na wewe unalala wapi? Nikamwambia, mimi nalala kwangu." Hassan akaingiza gia. "Akasema, hata mimi."